Umezoea dijitali, sasa unataka renjifainda: maswali yenu

Toleo lililopita tuliweka kapicha ka Canonet, kamera ya filamu ya renjifainda, pembeni ya ukurasa na maelezo ya mstari mmoja tu, basi meseji zikaanza kumiminika kama tumetangaza ajira. Nimechagua chache, zilizouliza kitu kilekile nimeziunganisha. Wengi wenu mnatoka kwenye kamera za dijitali, DSLR (zenye kioo ndani) na mirorlesi (zisizo nacho), na filamu hamjawahi kuishika, kwa hiyo najibu nikiwa na nyie kichwani, wazee wa filamu mtanivumilia.

Mkuu habari za kazi. Mimi napiga picha za harusi, natumia mirorlesi. Hii renjifainda ni kitu gani hasa? Kuna jamaa yangu ana Fuji X100 anasema ndo renjifainda hiyo, sasa mbona ina otofokasi?
*Mpiga picha wa harusi, Morogoro*

Salama mkuu. Jamaa yako ana kamera nzuri sana ila siyo renjifainda. X100 ilipotoka 2011, na X-Pro1 mwaka uliofuata, Fuji walichukua umbo la renjifainda tu: dirisha la kuchungulia liko kona ya kushoto, juu pako bapa, hamna ile nundu ya DSLR. Ila fokasi (kulenga ili picha iwe kali) ndani yake inafanywa na sensa (kile kipande kinachonasa mwanga badala ya filamu) kama kamera nyingine yoyote ya siku hizi.

Renjifainda yenyewe ni kipimo cha umbali kilichofungwa ndani ya kamera. Ukiigeuza ikakuangalia wewe utaona juu kuna dirisha kubwa la kuchungulia na kengine kadogo kako mbali nalo kidogo, kwenye Leica za M, kamera za Kijerumani, vimeachana karibu sentimita 7. Kale kadogo kanachukua kitu kilekile unachokiangalia ila kutoka pembe tofauti kidogo, taswira inarushwa kwa ndani mpaka kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga, halafu inatua katikati ya dirisha lako kama kamraba kanakong'aa kidogo. Ndani ya hako kamraba unaona vitu viwiliviwili, yaani bibi harusi ana pua mbili. Sasa ukizungusha ringi, lenzi inasogea, na kwa nyuma ina ukingo wa chuma unaosukuma kijigurudumu kilichoko kwenye mkono ndani ya bodi, huo mkono ndo unasogeza ile taswira ya pili, na zile pua zinakaribiana mpaka zinalaliana zinakuwa moja. Hapo piga. Hamna betri inayohusika hapo, ni hesabu ya pembetatu tu imegeuzwa kuwa chuma.

Leica waliunganisha kipimo na lenzi kwa mara ya kwanza kwenye Leica II ya mwaka 1932, ila ulikuwa unafokasi kwenye tundu moja halafu unahamisha jicho kwenda tundu lingine kupanga picha. M3 ya 1954 ndo iliweka vyote kwenye dirisha moja, na mpaka leo Leica M karibu zote zinafanya kazi vilevile. Kwa upande wa dijitali ya kwanza ilikuwa Epson R-D1 mwaka 2004, megapikseli 6, na cha kuchekesha ilibidi uvute mkono wa filamu kabla ya kila picha, wakati filamu haimo, ule mkono ulikuwa wa kukaza shata (kipazia kinachofunguka kupiga picha). Leica wakafuata na M8 mwaka 2006, halafu M9 mwaka 2009 yenye sensa ya ukubwa wa fremu nzima ya filamu.

Shikamoo mwalimu. Naona mtandaoni watu wanasema picha za renjifainda zina "roho". Nina kamera ya megapikseli 24 na lenzi ya 50 f/1.8, je nikihamia huko picha zangu zitakuwa bora?
*Kijana wa Dodoma*

Marahaba kijana wangu. Hapana. Picha ikishapigwa haijui ilipigwa na nini, na hao wanaosema roho wengi wanaongelea lenzi fulani, au filamu, au wanatetea hela waliyotumia. Otofokasi yako inayoshika jicho itamshinda mtu wa renjifainda mara nyingi sana, tusidanganyane hapo.

Kinachobadilika ni dirisha, na mimi nasema kama dirisha halikuvutii basi achana nayo kabisa, usitoe hata senti. Kwenye kamera yako unaangalia kupitia lenzi, kwa hiyo unaona kile tu kitakachoingia kwenye picha, na ukifungua tundu la lenzi mpaka f/1.8 (namba ndogo, tundu kubwa) nyuma kote kunakuwa ukungu. Kwenye renjifainda unaangalia kupitia kioo cha kawaida pembeni ya lenzi. Kila kitu kiko wazi, mbele na nyuma, na picha yako ni mistari myeupe inayoelea katikati ya hicho unachokiona, nje ya mistari bado unaona. Mtoto anakuja mbio kutoka kulia, unamuona kabla hajaingia kwenye fremu, unamsubiri. Ukibonyeza, dirisha halizimiki hata kidogo, unaona uso wake sekunde ileile picha inapochukuliwa, unajua kabisa kama alifumba macho. Nilipotoka kwenye DSLR hilo ndo lilinishika.

Sasa upande wa hasara, na ni mkubwa. Zumu hamna. Lenzi ndefu hamna, milimita 135 ndo mwisho na hata hiyo inachosha kwa sababu mistari yake inakuwa kadude kadogo katikati ya dirisha. Karibu huwezi kwenda, lenzi nyingi za Leica M zinaishia sentimita 70 na zile Canonet na Yashica zinaishia 80, kwa hiyo pete za maharusi na sahani za chakula sahau. Kwenye mechi nako watakucheka. Halafu kwa sababu dirisha liko pembeni ya lenzi, unachokiona na kinachopigwa havilingani sawasawa, hasa kitu kikiwa karibu, mistari inajisogeza kurekebisha ila kukata kichwa kwa milimita uliyotaka sahau.

Kabla ya kununua jaribu hivi. Chukua hiyo 50 yako, au bora 35 kama unayo, zima otofokasi, skrini izime au ibandike karatasi, weka f/8, halafu tembea nayo wikiendi nzima ukikadiria umbali kwa macho. Ukirudi umechukia, umepata jibu bila gharama. Ukirudi unataka tena, soma swali linalofuata.

Kaka mambo vipi, mi ni mwanafunzi Nairobi, Leica hata nikiuza figo siwezi. Kuna ya bei nafuu ya kuanzia? Na nikipata ya mtumba nichek nini?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Poa sana, na figo acha ilipo. Leica M11 ilipotoka 2022 bodi tupu ilikuwa karibu dola 9,000, lenzi hujanunua, kwa hiyo wala hauko peke yako. Kwa hela ya mwanafunzi unaangalia filamu, na hasa kamera za Kijapani za miaka ya 60 na 70 zenye lenzi isiyotoka.

Ya kwanza nayoipendekeza ni Canonet QL17 GIII, ilitoka 1972, lenzi 40mm f/1.7, ndogo inaingia kwenye mfuko wa koti. Uzuri wake ni kwamba hata bila betri inapiga, spidi zote mpaka 1/500 zinafanya kazi, betri ni ya kipimo cha mwanga na otomatiki tu. Na betri yenyewe ina kisa: ilitengenezewa ya zebaki ya volti 1.35, hizo zilipigwa marufuku, ukiweka ya alkalini ya 1.5 kipimo kinadanganya na picha zinatoka za giza. Watu wanatumia betri za vifaa vya kusikilizia za namba 675, volti 1.4, unazungushia karingi ka mpira ili zikae vizuri. Au simu yako, kuna programu za bure za kupima mwanga na zinatosha kabisa.

Ya pili Yashica Electro 35, ilianza 1966, GSN ndo maarufu zaidi. Lenzi yake 45mm f/1.7 ni tamu, ila ni nzito na inategemea betri, betri ikifa unabaki na 1/500 pekee. Ukiishika dukani vuta mkono wa filamu na usikilize, inatakiwa kutoa sauti ya "klak" ya wazi mwishoni. Kama iko kimya, kuna kipande kidogo cha mpira ndani kimeoza, kipimo kitakuwa kinakosea, na kukibadilisha ni kufungua kamera.

Kuna za Kisovieti pia, FED za Kharkiv na Zorki za Krasnogorsk karibu na Moscow, zinabadilisha lenzi na zinapatikana kwa bei rahisi. Mimi nazipenda ila simshauri anayeanza, maana moja inaweza ikawa safi na pacha wake akawa kichomi. Ukiipata, sheria moja usiivunje: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe spidi ya shata. Ukibadilisha kabla ya kuvuta unaweza kuharibu mashine ya ndani.

Kuchek ya mtumba. Chungulia uangalie kama kale kamraba kanaonekana vizuri, ikiwa kamefifia sana hadi unakatafuta basi kioo cha ndani kimechoka, na hapo unanunua usumbufu. Weka ringi kwenye alama ya mbali kabisa, halafu elekeza kwenye kitu kilicho mbali hasa, mnara wa simu ulioko kilomita kadhaa ni mzuri. Taswira mbili lazima zilaliane. Zikipishana kushoto na kulia, fokasi yote imehama, fundi anarekebisha. Zikipishana juu na chini bado unaweza kufanya nayo kazi ila inaudhi. Fungua mgongo wa kamera, kwenye mifereji kuna sponji nyeusi za kuzuia mwanga, za umri huu karibu zote zimegeuka kuwa ulojo unaonata, hilo lisikutishe, zinabadilishwa nyumbani kwa kukwangua na kubandika mpya. Piga spidi ya 1 au 1/4 na usikilize kama inakwama. Mwisho mulika tochi ya simu kupitia lenzi, utando kama buibui ndani ni fangasi.

Kwa wenye hela kidogo zaidi waliouliza dijitali za mtumba: M8 sensa yake ni ndogo, kila lenzi inakuwa ndefu mara 1.33, na inapokea miali ya infraredi kiasi kwamba suti nyeusi za vitambaa vya sintetiki zinatoka zambarau mpaka ufunge filta maalumu. Mtu wa harusi akae mbali nayo. M9 kioo cha juu ya sensa kilikuwa kinaliwa na kutu, kwa hiyo usinunue bila kuona ushahidi kwamba sensa ilibadilishwa ya aina mpya.

Ndugu mhariri, sisi wa mwambao joto na unyevu ndo maisha yetu. Nimerithi Zorki ya babu, lenzi ina ukungu ndani. Na filamu nikishapiga naisafishia wapi siku hizi, studio zote zimehamia kompyuta?
*Msomaji, Mombasa*

Huo ukungu ukiwa umeshika juujuu fundi anaufuta. Ukiwa umekula kioo, alama hazitoki, japo ukiacha kupiga ukielekea jua unaweza usizione kwenye picha. Cha muhimu usirudishe kamera kwenye kesi yake ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na fangasi wanaipenda kuliko chochote. Weka kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, na itoe uitumie, fangasi hawapendi mwanga na hewa. Filamu nayo usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Kuhusu kusafisha, anza na nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 au Kentmere 400, usafishe mwenyewe. Unahitaji mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, tanki lenye mfuniko usiopitisha mwanga, dawa ya kusafishia, fiksa (dawa ya kuigandisha picha) na maji. Rangi inataka joto la nyuzi 38 bila kuyumba, nyeusi na nyeupe kawaida ni 20, na kwa Mombasa kazi yako siyo kupasha, ni kupoza: maji ya friji yachanganye mpaka kipimajoto kikae sawa. Skana nayo usinunue. Ninyi wa dijitali hapa mna bahati, negativu (filamu iliyosafishwa) unaiweka juu ya taa nyeupe bapa, unaipiga na mirorlesi yako yenye lenzi ya makro (ya kupiga karibu sana), halafu unaigeuza rangi kwenye kompyuta. Ninavyoona mimi inatoka safi kuliko skana nyingi za bei rahisi.

Mkuu nimeshanunua Canonet, shida ni mwendo. Nikiwa Kariakoo mpaka nikilaza taswira mtu kashapita. Wanaopiga picha mitaani wanawezaje?
*Fundi simu, Dar*

Hawalazi mkuu, hapo ndo siri ilipo. Wanaseti umbali kabla. Kwenye lenzi kuna namba za mita, na zile zenye alama za kina zinakuonyesha kwa kila f-namba ni kuanzia wapi mpaka wapi patakuwa pakali. Tuchukue lenzi ya 35mm: ukiweka f/8 na umbali wa mita 3, kila kitu kuanzia mita 2 hivi mpaka mita 7 kitakubalika. Yako ni 40mm, kwa hiyo punguza kidogo, mita 2 mpaka 5. Umbali huo ndo wa mtu mzima anayeonekana mwili mzima barabarani, yaani karibu kila unachokitaka. Jua la saa sita na filamu ya ISO 400 uko 1/500 na f/16, hapo kina kinakuwa kikubwa zaidi, fokasi unaisahau kabisa. Kazi inabaki moja: kujua mita 3 ni wapi bila kupima. Chukua futi kamba nyumbani, pima mita 1.5, 3 na 5 kutoka ukutani, simama pale, angalia mtu anavyojaa kwenye mistari.

Halafu jifunze ringi kwa kidole. Nyingi zina kijipembe cha kushikia, baada ya muda kidole kinajua kijipembe kikiwa chini kabisa ni mita ngapi, na unaseti kamera ikiwa bado iko kiunoni. Usiku na f/1.7 ujanja huu haufanyi kazi, hapo laza taswira kwa uangalifu, tafuta mstari wima kama ukingo wa mlango au kola ya shati, kwa sababu taswira zinatembea kushoto na kulia na mstari wa kulala hautakuonyesha kitu. Na kamraba kakipotea ghafla, angalia kidole chako, kuna uwezekano mkubwa kimeziba kale kadirisha kadogo.

Jambo jingine, Kariakoo watu wengine hawapendi kupigwa picha. Kamera ikiwa ndogo na kimya haimaanishi uibe, salimia kwanza.

Kaka, nachungulia kwa jicho la kushoto na navaa miwani. Kuna faida yoyote kwangu?
*Dada wa Muscat*

Ipo dada yangu, ila imepungua. Raha ya dirisha la kona ni kwa wa jicho la kulia, la kushoto linabaki wazi linaona mtaa mzima. Wewe kamera itakufunika uso kama zile nyingine tu. Miwani nayo inakuzuia kusogelea, kwa hiyo mistari ya lenzi pana kama 28 hutaiona pembeni, tumia 50 na hutakuwa na shida. Madirisha ya zamani yana chuma kinachokwaruza vioo vya miwani, bandika karingi ka mpira.

Mwalimu, nimepiga filamu nzima, imerudi imesafishwa ni plastiki tupu, hamna picha hata moja! Aliyesafisha ananilaumu mimi, mimi namlaumu yeye. Kamera ni FED.
*Mwenye hasira, Mwanza*

Pole sana. Angalia ukingo wa filamu, kwenye matundu. Kuna maandishi na namba za kiwandani? Kama zipo na zinasomeka, dawa ilifanya kazi na msafishaji hana kosa, filamu haikupata mwanga. Kama hata namba hazipo, mrudie yeye.

Zikiwepo, sababu ni mbili. Ama filamu haikushika kwenye roli wakati wa kuipakia, ukawa unavuta hewa. Siku nyingine ukishafunga mgongo, zungusha kile kitufe cha kurudishia filamu mpaka kibane kidogo, halafu kila ukivuta kikodolee macho, lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka filamu haitembei. Ama ulipiga na kofia ya lenzi ikiwa imo. Kwenye mirorlesi ungeona giza, kwenye renjifainda dirisha halipiti kwenye lenzi, kwa hiyo unaona dunia yote inang'aa, unapiga kwa raha zako, huku lenzi imefungwa.

Najua utasema basi kofia naitupa. Usiitupe, kwa sababu FED na Zorki, na Leica za filamu karibu zote za M, zina pazia la kitambaa nyuma ya lenzi na hakuna kioo cha kulikinga. Lenzi ikiwa wazi, fokasi iko mbali na jua linaingia moja kwa moja, inachoma tundu kwenye kitambaa, na hapo Mwanza jua hamna uhaba. Kamera ikining'inia shingoni bila kofia igeuzie lenzi upande wa tumbo au ardhini, na ukiiweka mezani usiiache inaangalia juu. Canonet mliyosoma hapo juu haina shida hii, shata yake ni ya visahani vya chuma ndani ya lenzi.

Kupima pazia: toa lenzi, fungua mgongo, ingia chumba cha giza, mulika tochi upande wa mbele na uchungulie nyuma, halafu vuta shata na urudie ili uone na pazia la pili. Vitobo vinaonekana kama nyota. Vichache fundi anaziba kwa rangi ya mpira mweusi iliyopakwa nyembamba, ila kitambaa kikiwa kimeshakakamaa kinataka kubadilishwa chote.